Sura ya Sita: Marafiki wa Barabara Nne

Mwenye marafiki wanne Dar es Salaam asidhani ana marafiki wanne wa mji mmoja. Anaye wa Barabara ya Bagamoyo, wa Barabara ya Morogoro, wa Barabara ya Pugu na wa Barabara ya Kilwa, na hao wanne wenyewe kwa wenyewe huonana kwenye harusi na misiba. Ndiyo maana mgeni anayeshuka kutoka Mwanza au Mbeya kwa likizo hushangaa kukuta kwamba yeye aliye mbali ndiye mwenye habari za wote. Anajua kwamba wa Barabara ya Bagamoyo, kule Bunju, kapata mtoto wa tatu na kwamba wa Barabara ya Pugu, kule Chanika, kahamishwa idara. Walioko mji mmoja wanazisikia habari hizo kutoka kwake, tena wanauliza maswali.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kundi letu sisi lilikaa Sinza: chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimoja, godoro la pili linaloegemezwa ukutani asubuhi, jiko la mafuta ya taa mlangoni. Kabla ya hapo tulikuwa tumebebana chuoni Mlimani, ambako kitanda cha bweni kilikuwa na mwenyewe mmoja kwenye karatasi na wawili usiku. Katika geto lile hapakuwa na haja ya kumpigia mtu simu kumuuliza yuko wapi. Ulitoka uani ukamwita, na kama hakuitika alikuwa kijiweni.

Kilichotutawanya ni kiwanja. Kijana wa Dar akishaoa na kupata mkopo wa kazini, neno linalofuata nyumbani ni kujenga, na Sinza hakuna pa kujenga. Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, katika maeneo kama Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mbweni na Bunju, ambayo wakati huo mtu wa mjini aliyaona ni shamba. Waliokosa vya mradi walinunua kwa wenyeji, katikati ya mikorosho na minazi, wakagongewa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Wakajenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka unaofuata, bati Mungu akijalia. Wengi walihamia nyumba ikiwa haina dari wala vioo, ili mradi waikimbie kodi. Sensa inaonyesha matokeo yake. Mwaka 1967 jiji zima halikufikisha watu laki tatu. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Zaidi ya milioni moja waliongezeka katika miaka kumi, na njia ya kwenda kutafuta pa kulala ilikuwa kusogea mbele zaidi kwenye barabara zilezile.

Anayetaka kuwatembelea wote kwa likizo moja lazima aanze na umbo la mji. Dar imekaa kama kiganja kilichotandazwa. Kiganja chenyewe ni Posta, Kivukoni na Kariakoo. Vidole ni zile barabara nne, na kidole gumba ni Kigamboni, ng'ambo ya maji. Kutoka kidole kimoja kwenda kingine, njia iliyozoeleka ni kurudi kiganjani kwanza. Zipo njia za mkato, ndiyo: Barabara ya Mandela inayozunguka kutoka Ubungo kwenda Buguruni, TAZARA na bandarini, Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo, na ile ya Goba inayowaunganisha watu wa Mbezi ya Morogoro na wale wa upande wa Bagamoyo. Lakini mgeni asitegemee sana mkato. Ashike kanuni moja tu, siku moja barabara moja, na alale hukohuko.

Umbo hilo limeletwa na bandari. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, alichokitaka ni ghuba ile tulivu iliyokuwa karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash akauacha mji usimame. Wajerumani ndio walioufufua, wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mpaka leo ukitembea Kivukoni unaliona paa la vigae la kanisa la Azania Front na minara ya Mtakatifu Yosefu, yote yakiwa yametazama maji. Barabara zote zinaanzia hapo kwa sababu mizigo yote ilianzia hapo. Rafiki yako wa Chanika anaamka saa kumi alfajiri kwenda kazini Posta kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kabla babu yake hajazaliwa.

Kuhusu majira, ushauri wangu ni mwisho wa Juni na Julai. Joto linakuwa limepungua, shule zinakuwa likizo kwa sehemu ya kipindi hicho, na Maonesho ya Sabasaba yanawapa watoto pa kwenda. Desemba ni mtego. Watu wa kaskazini wote wamepanda basi kwenda Moshi kuhesabiwa, na rafiki yako Mchaga atakupokea kwa simu akiwa Rombo. Masika nayo, Machi mpaka Mei, Mto Msimbazi unapojaa pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mji kukatika vipande viwili, kila mtu akabaki upande alioamkia.

Usiende mikono mitupu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunabeba sato na sangara waliokaangwa wakakauka vizuri, wa Bukoba wanabeba senene, wa Kyela mchele. Ukifika, zawadi kabidhi kwa shemeji, maana mzigo wa ugeni uko kwake. Rafiki yako atakupokea kwa kelele nyingi, atakupiga mgongoni, atakuita mwanangu mbele ya watoto wake, kisha atakaa sebuleni na wewe. Anayeongeza maji kwenye ndoo, anayewahamisha watoto chumba, anayefikiria chai ya kesho ni mwenzake. Niliwahi kumwomba shemeji mmoja namba ya mita ya umeme nikidai nataka kuona kama mtandao wangu unanunua LUKU ya Dar. Alinitazama, akacheka, akanitajia tarakimu zote kwa kichwa. Baadaye jioni mume wake alishangaa kwamba uniti bado zipo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bunju hakuna shamba tena. Jembe lake ni kwenda kumchukua mtoto shule au kuchota maji presha ikishuka, na afadhali ulishike mwenyewe kabla hujapewa.

Sasa kuhusu kuuona mji. Wengi hudhani kutembelea marafiki ni jambo moja na kutalii ni jambo jingine, kwamba siku ya rafiki imeliwa na siku ya utalii imebaki. Kwa Dar nimeona njia ya kwenda kwa rafiki ndiyo ziara yenyewe, na kila barabara ina yake. Ya Bagamoyo ndiyo iliyojaa vitu vya kuonyesha wageni. Unaanza na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, penye habari za fuvu la Zinjanthropus alilolifukua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Unavuka Daraja la Tanzanite juu ya bahari, unapita Oysterbay ambako wachoraji wa Tingatinga bado wanapaka rangi, unafika Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, chenye nyumba za asili za makabila yetu zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwenge kuna wachonga vinyago. Ukifika Bunju umechoka, umeshiba, na bado hujasalimia mtu.

Barabara ya Pugu haimo kwenye vipeperushi, lakini mimi naipenda zaidi. Jina lake rasmi siku hizi ni la Nyerere, na inastahili kuitwa hivyo. Mwalimu alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Francis kule Pugu wakati TANU inazaliwa mjini mwaka 1954. Mwaka 1955 wakubwa wa shule walimtaka achague, siasa au ualimu, akaacha kazi. Nyumba aliyoishi Magomeni katika miaka ile imehifadhiwa kama makumbusho. Ni ndogo, ya mtaani hasa, imezungukwa na maduka na vibanda. Anayekwenda Chanika akitokea Magomeni anaifuata safari hiyo ya Mwalimu kinyumenyume bila kukusudia: mjini, Ilala, TAZARA, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, halafu vilima vya Pugu vinaanza na hewa inabadilika. Nilimuuliza mwenyeji wangu wa Chanika kama amewahi kuingia nyumba ya Magomeni. Amepita karibu nayo kwa miaka mingi.

"Ile si ofisi ya chama?" akaniuliza.

Tulikwenda naye. Alisimama chumbani muda mrefu akiangalia samani, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu aliyepata ushahidi: "Kumbe naye alikuwa anajenga kidogo kidogo."

Hapo nikaanza kuwa na tabia ya kumchukua mwenyeji badala ya kuchukuliwa naye. Mtu wa Dar huujua mji kwa kazi: anajua kituo, anajua foleni ya Tabata inaanza saa ngapi, anajua duka moja Kariakoo lenye bei yake. Humwoni akitazama juu. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji iko tangu 1927, mtutu wake na singe vimeelekezwa bandarini, na maandishi yake ni kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Ni wachache wanaoweza kukuambia kwamba kabla yake pale pale palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, Waingereza wakaing'oa. Dereva wa bajaji aliyetushusha hapo alituambia ni ya vita ya Idi Amin, na rafiki yangu akakubali.

Kariakoo vivyo hivyo. Wenyeji wanakwenda Mtaa wa Kongo, wanabanwa kwenye umati, wananunua, wanatoka. Soko kuu lenyewe hawalitazami. Lilibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo mzalendo, katika miaka ya 1970, na paa lake la zege limeundwa kwa miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Liliungua Julai 2021 na Serikali ikalikarabati. Simama ng'ambo ya mtaa, mfuko wa simu umeushika kwa mbele, uinue macho dakika mbili. Mwenzako ataona haya kwanza, maana kutazama majengo Kariakoo ni dalili ya ushamba, lakini naye atainua.

Barabara ya Morogoro ina mwendokasi tangu Mei 2016, na ndiyo iliyombadilishia maisha rafiki wa Kimara. Ya Kilwa ina viwanja vya Sabasaba, ina njia ya kwenda Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000, na ina Mbagala. Ukilala Mbagala, usiulize kivutio. Toka saa mbili usiku, tembea Rangi Tatu mpaka njaa iishe.

Kilichobaki ni kuwakutanisha wote, na kwa hilo Kigamboni ndipo mahali pake, kwa sababu haiko kwenye barabara ya mtu yeyote. Wote wanne wanasafiri, hakuna wa kulalamika. Mwenyeji wetu wa Kibada, hukohuko Kigamboni, alituambia tusije na kitu ila samaki, kwa hiyo wawili tulitangulia soko la samaki la Feri asubuhi mapema.

Mtu aliyezoea kununua sangara kwa kilo Mwanza ataona mnada wa Feri kama ugomvi. Samaki wanamwagwa mezani fungu kwa fungu, bado wanateleza maji ya barafu, changu na kolekole na vibua mchanganyiko, na dalali anaanza kutaja bei kabla hata ya mikia kutulia. Wanunuzi wamemzunguka mabega kwa mabega. Hakuna anayepaza sauti isipokuwa dalali. Mama wa kukaanga ananyanyua kidole, mzee mwenye baiskeli anapandisha nyusi, bei imeshaongezeka mara tatu na mgeni hajaona aliyeongeza. Mwenzangu alijaribu kuingia kwa kusema kiasi kwa sauti. Dalali alimgeukia, akamtazama viatu, akaendelea na wengine. Ilibidi tumwombe yule mama atununulie pamoja na fungu lake na tugawane. Alikubali kwa sharti kwamba changu wakubwa wawili ni wake. Tukawapeleka kwa vijana wa kupaa magamba, ambao kisu chao kinakwenda kwa kasi usiyoweza kuifuata kwa jicho, wakatufungia kwenye mfuko, tukapanda pantoni. Maji yenyewe ni dakika chache, na nauli yake haifiki bei ya soda, lakini kwa thamani hiyo unapewa bandari nzima: meli za mizigo zikisubiri zamu, boti za Zanzibar, minara ya vioo ya Posta, na chini yake yale mapaa ya vigae ya Wajerumani. Sijui ziara ya mji yenye bei nafuu kuliko hiyo.

Wa Kilwa walikuja kwa daraja la Kurasini lililofunguliwa mwaka 2016. Wa Bunju alichelewa, akaingia akiwa tayari ana maelezo. Mke wake alishuka garini akasema, "Shikamooni nyote, na foleni imewasalimu." Wali wa nazi ulikuwa umeiva. Watoto walikuwa wanane au tisa, wamesimama pembeni ya uwanja, wanatazamana. Baba zao walilala godoro moja Sinza, na wao hawakujuana majina. Tuliwaita mmoja mmoja tukawatambulisha: huyu wa anko wa Chanika, huyu wa anko wa Mbagala. Mkubwa wao, binti wa kidato cha pili, alimuuliza baba yake bila kuficha, "Kumbe hawa wote wanakaa hapahapa Dar?"

Baba yake alichukua kipande cha samaki.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Siku zote niliuelewa msemo huu kwa upande wa chakula: mgeni akija, kuku anachinjwa na wa nyumbani nao wanakula. Pale Kibada niliona kuku hakuwa na umuhimu mkubwa. Hao watu wana kundi la WhatsApp, wanachangiana harusi na matibabu, mmoja akifiwa wote watakuwa kwake kabla ya magharibi. Kukaa tu pamoja Jumapili bila shida yoyote, hilo lilihitaji sababu, na mtu hawezi kumwambia mkewe anavuka mji mzima kwenda kumwona mtu anayeishi mji huohuo. Mgeni ni sababu inayokubalika kila nyumba. Nimeona pia kwamba mazungumzo huchelewa. Saa nzima ya kwanza ni ya mbao, bati, bei ya saruji, nani kashapiga plasta. Baadaye, chai ya pili ikiwa mezani, ndipo mmoja anasema daktari kamwambia kitu kuhusu sukari, na mwingine anasema kazini wanapunguza watu. Kwa hiyo usiwaalike watu chakula cha saa mbili usiku. Waalike asubuhi.

Jioni lilizuka suala la njia ya kurudi, na ubishi wake ulichukua muda mrefu kuliko sala ya chakula. Wa Bunju alitaka pantoni ili atokee Posta na Tanzanite. Wa Chanika alisema pantoni Jumapili jioni ni kujitakia, heri daraja, Mandela, TAZARA. Wa Mbagala alisema yeye hana tatizo, akaonekana kujivuna. Waliendelea kubishana wakiwa wameshafungua milango ya magari, na katika ubishi huo wakakubaliana kwamba mara ijayo itakuwa Coco Beach, mihogo na pilipili, watoto wacheze mchanga, kabla mimi sijarudi tena. Kama walikutana, sikuambiwa.

Jambo la mwisho ni la ratiba, na ni zito kuliko linavyoonekana. Mabasi ya mikoani hayaondokei Ubungo tena. Tangu 2021 kituo kikuu kiko Mbezi Luis, mbali kwenye Barabara ya Morogoro, na mengi ya masafa marefu huondoka alfajiri. Anayekwenda Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, anapandia mjini, kwa hiyo anaweza kulala popote penye usafiri wa kufika kiganjani. Lakini wa Mwanza, Bukoba, Kahama au Tabora anayepanda basi akilala Mbagala au Kigamboni usiku wa mwisho, ataamsha nyumba nzima saa nane na bado atafika anahema. Usiku huo ni wa rafiki wa Kimara. Yeye mwenyewe ameshaujua mgawo wake: wengine wanampata mgeni akiwa na zawadi na hadithi, yeye anampata akiwa na mabegi na kengele ya saa tisa. Shemeji wa Kimara ameshanunua kitanda cha ziada, na watoto wamekatazwa kukilalia.